Kituo cha mchana au mtembeza mbwa? Kwanza jua mbwa wako anakosa nini

Weka simu ya zamani juu ya kabati, ielekeze mlangoni, iache inarekodi, kisha nenda kazini kama kawaida. Jioni keti uitazame. Huna haja ya kutazama saa zote tisa. Nusu saa ya kwanza baada ya mlango kufungwa itakueleza mengi, na ukirukia katikati ya mchana utapata yaliyobaki.

Hivyo ndivyo ninavyomjibu kila anayeniuliza kama ampeleke mbwa wake kwenye kituo cha kulelea mbwa mchana au amtafute mtu wa kuja nyumbani kumtembeza. Wengi hawafurahii jibu hilo. Wameshalinganisha bei, wameshaona picha za mbwa wakikimbizana kwenye nyasi, na dhamiri imeshawasuta kwa kumwacha mnyama peke yake kutwa. Wanataka waambiwe tu kipi ni bora. Tabu ni kwamba huduma hizi mbili hazifanyi kazi moja. Mtembeza mbwa huikata siku ya mbwa vipande viwili, akamwacha palepale alipo. Kituo humtoa mbwa kwenye siku yake na kumpa siku nyingine kabisa, yenye watu wengine, harufu nyingine na mbwa asiowachagua. Ukiuliza ipi bora kabla ya kujua mbwa anakosa nini, umeuliza dawa kabla ya kusema unaumwa wapi.

Mimi mwenyewe nilianza vibaya. Nilikuwa na mbwa wa miaka minne, mtulivu, asiye na ugomvi na mtu. Nikaona kushinda peke yake ni kumwonea, nikamwandikisha kituoni siku tano kwa wiki. Alikuwa akirudi jioni analala fofofo mpaka asubuhi, nami nikijipongeza. Baada ya miezi miwili hivi mhudumu mmoja, kijana asiyejua kupamba maneno, akaniambia: "Huyu wako hachezi, bosi. Anashinda chini ya benchi." Kumbe ule usingizi ulikuwa wa mnyama aliyekaa macho kodo kutwa nzima akilinda mgongo wake.

Saa tisa ndani ya nyumba

Mbwa mzima hulala karibu nusu ya saa ishirini na nne, na sehemu kubwa ya usingizi wake wa mchana huangukia saa zilezile ambazo wewe uko kazini. Ile picha ya mbwa anayekaa dirishani akihesabu dakika mara nyingi tunaichora sisi. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Sweden, Therese Rehn na Linda Keeling, walichapisha matokeo ya kuwarekodi mbwa walioachwa nyumbani kwa nusu saa, saa mbili na saa nne. Wenyewe waliporudi baada ya saa mbili, mbwa walichangamka kuwapokea kuliko baada ya nusu saa. Kati ya saa mbili na saa nne, mapokezi hayakutofautiana. Kwa maneno mengine, mbwa anajua kwamba hukuwepo, lakini uchungu wake hauongezeki lazima kwa kila saa unayoihesabu wewe ukiwa ofisini.

Kibofu ni habari nyingine, maana chenyewe huhesabu. Mbwa mzima mwenye afya anaweza kubana mkojo saa sita hadi nane, lakini kuweza si kustarehe. Fikiria kikao cha saa nane ambacho huruhusiwi kutoka. Kanuni za ustawi wa wanyama za Sweden zinataka mbwa atolewe nje angalau kila baada ya saa sita wakati wa mchana, na mimi nauona huo kuwa mpaka wa busara popote mtu alipo. Kwa mbwa mchanga wengi hutumia hesabu ya umri wake kwa miezi, ukiongeza moja: wa miezi mitatu, saa nne, na hapo ni siku nzuri. Mbwa mzee, mwenye kisukari, mwenye figo dhaifu au anayetumia dawa za steroidi hurudi kwenye ratiba ya utoto.

Basi ukitazama ile rekodi, mbwa anakuambia shida yake bila kuficha. Anayelala asubuhi nzima, akaamka saa saba mchana akazungukazunguka mlangoni dakika kumi, akarudi kulala, shida yake ni mkojo. Anayetulia mpaka saa nane kisha akaanza kutafuna mto na kupindua ndoo ya taka amechoshwa na kukosa la kufanya. Anayebweka kila gari likipita amejipa kazi ya ulinzi isiyo na mshahara, na huyo pazia zito linaweza kumsaidia kuliko huduma yoyote ya kulipia. Halafu kuna yule anayeanza kulia, kutweta, kudondosha ute na kukwaruza mlango dakika chache tu baada ya wewe kutoka. Huyo ana jambo lake peke yake, nitalirudia.

Mtu mwenye ufunguo

Mtembeza mbwa anafika, anafungua, anamvisha mbwa mkanda, wanatoka nusu saa au saa nzima, wanarudi, anabadilisha maji, anafunga na kuondoka. Kwa mbwa mzima anayelala vizuri akiwa peke yake, pengo lilikuwa hilo tu na limezibwa. Kitanda chake ni kilekile, hakuna mgeni wa kumpimia nguvu, na nyumba bado inanuka watu wake.

Wateja wengi huuliza mbwa atatembea kilomita ngapi. Swali hilo ni la miguu, na mbwa hutoka nje kwa sababu ya pua. Makadirio yanayotajwa zaidi humpa mbwa vipokezi vya harufu mpaka milioni 300, binadamu akiwa na takriban milioni 6. Mwaka 2019 Charlotte Duranton na Alexandra Horowitz walichapisha jaribio dogo lenye kupendeza: kundi moja la mbwa lilifanya mazoezi ya kutafuta chakula kwa kunusa kwa wiki mbili, kundi jingine likafanya mazoezi ya kutembea sambamba na mwenyewe. Kisha wote wakaonyeshwa bakuli mahali pasipojulikana kama pana chakula au hapana. Wale wa kunusa walilikimbilia upesi zaidi kuliko awali, yaani walitarajia mema. Kwa hiyo nikimhoji mtembeza mbwa, namuuliza kama humwacha mbwa asimame kwenye nguzo moja dakika mbili nzima bila kumvuta. Akisema hapo ndipo ratiba yake huharibika, nimeshamwelewa.

Maswali mengine ni ya kawaida lakini watu huyasahau kwa haya. Anatembeza mbwa wangapi kwa wakati mmoja? Mtu ana mikono miwili, na mbwa sita wakiona paka hawaulizi ana mikono mingapi. Saa moja unayolipia inaanza kuhesabiwa mlangoni kwako, au ndani ya gari wakati anapita kuwachukua wengine? Huwafungulia kamba wakifika uwanjani? Mimi huwa nakataa hilo moja kwa moja. Mbwa anayeitika kwa sauti yako hajaahidi kuitika kwa sauti ya mtu mwingine.

Saa ya kutembea nayo ina maneno. Watu wengi huagiza saa sita mchana kwa sababu ni katikati ya siku yao ya kazi, na siku ya jua kali hakuna saa mbaya kuliko hiyo. Weka mgongo wa kiganja chako kwenye lami kwa sekunde tano. Ukishindwa, nyayo za mbwa nazo zitaungua. Mbwa wenye pua fupi zilizobonyea, kama bulldogi na pagi, hawapoi vizuri kwa kutweta na huzidiwa na joto upesi kuliko wengine. Kwao ni afadhali mtu aje saa nne asubuhi, au aje tu kumtoa dakika tano kwenye kivuli na kucheza naye ndani.

Ninachokiogopa zaidi katika huduma hii hakiko barabarani, kiko mlangoni. Mlango unafunguliwa, mbwa anarudi nyuma kwa ghafla, ukosi unachomoka kichwani, na mtembezaji amebaki na kamba mkononi. Mkanda wa kifuani unaombana sawasawa, kibati chenye namba ya simu, na chipu ya utambulisho chini ya ngozi iliyosajiliwa kwa namba unayoitumia leo, wala si ile uliyoiacha miaka mitatu iliyopita: hivyo vitatu viwepo kabla ya siku ya kwanza. Halafu kuna jambo ambalo wenye mbwa wapole hawalitegemei. Mbwa anayempokea mgeni kwa mkia wewe ukiwepo anaweza kumzuia mgeni huyohuyo kuingia wewe ukiwa haupo. Ziara ya kwanza fanyeni pamoja. Ya pili wewe kaa nje, yeye aingie peke yake kwa ufunguo wake.

Ukumbuke pia kwamba kazi hii ina lango jepesi. England, kwa mfano, tangu mwaka 2018 kanuni za leseni zinamtaka mwenye kituo cha kulelea mbwa mchana awe na leseni na akaguliwe. Mtembeza mbwa hayumo katika orodha ya shughuli hizo. Yeyote mwenye viatu na simu anaweza kuanza kesho. Wapo walio hodari kupita kiasi, wenye bima na mafunzo ya huduma ya kwanza kwa wanyama, lakini kazi ya kuwachuja imebaki kwako. Na muulize siku akiugua nani atakuja. Hapo kituo kinamshinda: mtu mmoja akikosekana kituoni, mlango hufunguliwa na mwingine.

Nusu saa ya mchana ina kikomo chake. Mbwa wa wiki kumi akishinda saa tisa na mgeni mmoja tu katikati ameachwa, hata ukiiita huduma kwa jina zuri namna gani. Anahitaji ziara mbili au tatu, au mtu wa kukaa naye. Na anayefanya kazi saa kumi na mbili, akiongeza safari, asitegemee kutembezwa kwa saa moja kutaziba siku ya namna hiyo.

Uwanja wenye mbwa ishirini

Kuna mbwa ambao kituo ni pepo yao. Kwa kawaida wana umri wa kati ya miezi minane na miaka miwili au mitatu, wana nguvu zisizoisha, wanapenda sura mpya, na nyumbani wanakula viatu kwa kukosa mwenza. Ukimpeleka mbwa wa aina hii siku mbili kwa wiki kwenye kituo kizuri, utaona tofauti mpaka kwenye fanicha.

Shida ni kwamba mbwa hukua. Kati ya mwaka mmoja na mitatu wengi hukomaa kijamii, na yule aliyekuwa akimrukia kila mbwa kwa furaha anaanza kuchagua: wawili watatu anawataka, waliobaki awaone kwa mbali inatosha. Wenyewe hushtuka, wakadhani ameharibika au amepigwa. Hajaharibika. Mtu wa miaka arobaini naye hapendi kushinda disko siku tano kwa wiki. Ila kadi ya kituo imeshalipiwa, mazoea yameshajengeka, na mbwa anaendelea kupelekwa mahali alipopapenda alipokuwa kijana.

Ndiyo maana nasisitiza ujifunze kutazama mchezo wa mbwa kabla ya kulipa chochote. Mchezo wa kweli una mianya. Mbwa anainamisha kifua chini matako yakiwa juu, ishara ambayo mtafiti Marc Bekoff ameichunguza kwa miaka mingi: hutolewa mara kwa mara kabla au baada ya kitendo kinachoweza kueleweka vibaya, kama kung'ata na kutikisa, kana kwamba mbwa anasema "bado tunacheza". Wanabadilishana zamu; aliyekuwa akikimbiza sasa anakimbizwa. Mkubwa anajilaza chini ili mdogo apate nafasi. Wanasimama, wanajitikisa, wanakwenda kunywa maji, wanarudi.

Mahali ambapo mchezo umegeuka uonevu, zamu hazibadilishwi. Kuna mmoja daima yuko chini, mkia umebanwa, mdomo umefungwa, weupe wa jicho unaonekana pembeni. Analamba midomo pasipo chakula, anapiga miayo pasipo usingizi, anajibanza nyuma ya miguu ya mhudumu. Kama huna hakika, kuna kipimo rahisi ambacho mhudumu mzuri anakijua: mshike yule anayemkimbiza mwenzake kwa sekunde chache. Aliyekuwa akikimbizwa akirudi kumchokoza, waachie waendelee. Akitumia nafasi hiyo kuondoka, ulikuwa mbele ya kilio ambacho hakuna aliyekisikia. Na kuna aina ya tatu, ambayo ndiyo ya wangu: asiyekimbizwa na yeyote na asiyecheza na yeyote, ametulia kiasi kwamba wahudumu humsifu kwa adabu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mbwa aliye kimya sana kituoni anastahili kuchunguzwa kabla ya yule mwenye kelele.

Ukienda kukagua kituo, nenda mchana, saa ambazo kimejaa. Asubuhi kila kituo ni kizuri. Hesabu mbwa, hesabu watu walio ndani ya uwanja hasa, si walio mapokezini. Kikomo kinachotajwa sana na watu wa fani hii ni mbwa 10 hadi 15 kwa mhudumu mmoja, na kundi likiwa la vijana wenye fujo hata kumi ni wengi. Uliza kama wanatenganishwa kwa ukubwa na tabia. Mbwa wa kilo thelathini anayemkimbiza wa kilo tatu anaweza, katika kufumba na kufumbua, kuacha kumwona kama mwenzake na kumwona kama windo, na hapo haikuwepo nia mbaya ya yeyote. Sakafu iweje? Vigae vinavyoteleza huumiza nyonga na magoti, hasa ya wazee. Mchana wanapumzika? Kituo kinachojisifu kwamba mbwa hucheza kutwa bila kusimama kinajisifu kwa kosa, kwa sababu mnyama aliyezoea kulala mchana akinyimwa usingizi huo huwa mkali kama mtoto aliyekosa usingizi. Humfanya nini mbwa anayebweka kupita kiasi? Wakikutajia kola ya umeme, rudi kwenye gari.

Swali ninalolipenda kuliko yote ni hili: mara ya mwisho mlimkataa mbwa gani, na kwa nini? Kituo makini kina siku ya majaribio, na kina mifano ya mbwa kilichowaambia wenyewe kwa upole kwamba hapa hapawafai. Kituo ambacho hakijawahi kukataa mbwa hata mmoja kina bahati ya kupata mbwa bora tu, au hakitazami. Usistaajabu pia wakikuuliza kama amehasiwa. Vingi havipokei madume wasiohasiwa wakishafika utu uzima, wala majike walio katika kipindi cha kutaka dume.

Maradhi yana nafasi yake katika hesabu hii, ingawa nadhani watu huyaogopa yasiyokuwepo na kuyadharau yaliyopo. Kikohozi cha mabanda, kile kikavu kinachosikika kama mfupa umekwama kooni, ndicho utakachokutana nacho mapema zaidi. Mara nyingi chanzo chake ni virusi kadhaa pamoja na bakteria aitwaye Bordetella bronchiseptica, jamaa wa karibu wa yule anayewaletea watoto kifaduro. Dalili huanza kati ya siku 2 na 14 baada ya kuambukizwa, kwa hiyo mbwa aliyekuwa mzima wa afya uwanjani Jumatatu anaweza kuwa ndiye aliyewaletea wenzake. Chanjo ipo na hupunguza makali. Haizuii kila kikohozi, na itolewe siku kadhaa kabla ya kuanza, si asubuhi ya kwanza. Mafua ya mbwa ya aina ya H3N2 yalipoibuka katika eneo la Chicago mwaka 2015 yaliwapata mbwa zaidi ya 1,000, na mahali wanapokusanyika mbwa palikuwa miongoni mwa njia za kuenea kwake. Mtembezaji wa mbwa mmoja mmoja hupunguza hatari hiyo sana, bila kuiondoa: madimbwi yana leptospirosi, ile homa ya mgunda inayotoka kwenye mkojo wa panya, na njia zina kinyesi cha mbwa wengine. Chanjo ya kichaa cha mbwa haina mjadala katika huduma yoyote ile.

Kwa mbwa wachanga kuna mvutano wa kweli. Dirisha la kuzoea dunia hufunguka takriban wiki ya 3 na kuanza kufungika kati ya wiki ya 12 na ya 14, wakati mfululizo wa chanjo za utotoni huendelea mpaka wiki ya 16 au zaidi. Virusi vya parvo, vilivyoibuka duniani mwaka 1978, hukaa ardhini miezi mingi na huua wachanga wasiokingwa. Kwa hiyo asiende kwenye uwanja wa mbwa ishirini, na asifungiwe pia. Mtu wa kuja nyumbani mara kadhaa kwa siku, kumbeba nje asikie magari, akutane na mbwa mmoja au wawili waliochanjwa unaowajua: hilo linamfaa mpaka daktari wa mifugo aseme yuko tayari.

Na kuna kitu kisichoandikwa kwenye fomu yoyote: mbwa hujifunza anachokifanya kila siku. Akifundishwa na kituo kwamba kila mbwa ni wa kukimbiliwa, jioni akiwa kwenye kamba atakuvuta kwa nguvu kumfuata kila mmoja, akizuiwa atabweka kwa hasira, nawe utadhani umepata mbwa mkorofi.

Anayelia dakika ya tano

Turudi kwa yule wa kwenye rekodi anayekwaruza mlango mara tu unapoondoka. Hofu ya kuachwa peke yake karibu daima hujitokeza ndani ya nusu saa ya kwanza. Uharibifu wake huelekea mahali pa kutokea, yaani milango, madirisha, vizingiti. Nyama uliyomwachia haiguswi mpaka urudi. Mbwa aliyechoshwa na upweke tu hula nyama hiyo kwanza, kisha ndiyo atafute mto.

Mtembeza mbwa hawezi kuitibu hofu hii. Anakuja saa ya nne ya mateso, anampa nafuu ya nusu saa, kisha anamwacha kwa mara ya pili siku hiyohiyo. Kituo kinaweza kusaidia, kwa sharti moja: hofu yake iwe ya kukosa mtu yeyote, isiwe ya kukosa wewe. Pima kwa kumwachia rafiki ambaye mbwa hamjui sana, kwa saa moja, huku simu ikirekodi. Akitulia kwa rafiki, basi kuwa na watu kutamtuliza. Akiendelea kulia mlangoni huku rafiki amekaa kwenye kochi, kituo kitampa hofu ileile pamoja na kelele za mbwa ishirini.

Hata kinapofaa, kituo ni daraja la kuvukia. Tiba yenyewe ni kumzoesha kuachwa kwa vipimo vinavyoanzia sekunde chache na kupanda taratibu, kabla hofu haijaamka. Na katika kipindi hicho asiachwe peke yake kupita alipofikia, la sivyo unajenga huku unabomoa. Hapo ndipo kituo, ndugu au jirani anapokuwa wa thamani kubwa. Kwa hali kali zungumza na daktari wa mifugo kuhusu dawa. Marekani imeidhinisha klomipramini kwa hofu hii tangu 1998 na fluoksetini tangu 2007, zote ziende pamoja na mafunzo. Sijui kwa nini watu huona aibu kumpa mbwa dawa ya hofu na hawaoni aibu kumpa ya minyoo.

Hesabu, kisha majaribio

Fedha nitazipita upesi kwa sababu kila mtu anazo hesabu zake. Angalia tu kwamba mtembezaji hutoza kwa ziara, na mbwa wa pili wa nyumba hiyohiyo mara nyingi huongeza kidogo. Kituo hutoza kwa kichwa kwa siku. Mwenye mbwa wawili aanzie hapo. Kituo pia kina saa ya kufunga na faini ya kuchelewa, na kiko upande fulani wa mji ambao huenda si wa kazini kwako.

Ukiniuliza nichague bila kumjua mbwa wako, nitasema hivi. Amepita miaka mitatu na analala vizuri peke yake: mtembezaji, na usiongeze kitu. Ni kijana mwenye kupenda wenzake: kituo siku moja au mbili zisizofuatana, mtembezaji siku zilizobaki. Ni mzee mwenye maumivu ya viungo: mtu wa kuja nyumbani mara mbili, matembezi mafupi. Ni mchanga: watu, watu, watu, na mbwa wachache wa kuchaguliwa. Jirani mstaafu anayependa mbwa anaweza kuwashinda wote hao, ila msipeane kazi kwa kuoneana haya; andikianeni namba ya daktari na ruhusa ya kumtibu mbwa likitokea la kutokea.

Kisha jaribu kitu kimoja kwa wiki tatu bila kubadilisha kingine. Jioni ndiyo hutoa majibu. Mbwa aliyeridhika na siku yake hulala, lakini ukipita anafungua jicho, mkia unapiga sakafu mara mbili, chakula anakula. Aliyezidiwa hulala kama aliyezirai, au hashikiki kabisa, anahemahema na kuzunguka mpaka usiku. Anaanza kuharisha bila sababu, anamngurumia aliyemgusa usingizini. Na kwa kituo, tazama miguu yake pale getini. Siku ya kwanza haikuambii kitu, kila mbwa huingia kwa udadisi. Tazama siku ya sita.

Wangu siku ya sita alikuwa tayari anaketi chini kando ya gari, nami nikidhani ni ukaidi. Nilipomtoa, nikampata mama mmoja anayekuja saa sita na nusu, anatembea polepole kwa sababu ya goti lake, na humwacha anuse kila kitu. Nimeitazama tena rekodi ya mchana. Analala mpaka saa sita na robo, anaamka, anajinyoosha, anahamia hatua mbili kutoka mlangoni na kulala tena, kichwa kikiwa kimeelekea kwenye kitasa.